Kilomita za Kufika Handeni

Gari alininunulia binti yangu, mwaka mmoja baada ya baba yake kufariki. Ni gari dogo la umeme la Kijapani, lilitumika huko miaka mingi kabla ya kupakiwa melini. Lilifika Korogwe likiwa juu ya lori, maana fundi wa Dar es Salaam alisema wazi kwamba betri imezeeka na gari haliwezi kutoka huko hadi kwetu bila kusimama mahali na kuchajiwa. Betri ikijaa, kioo cha mbele ya usukani huandika kilomita mia na arobaini. Binti yangu aliniambia namba hiyo isinitishe. Mwalimu mstaafu anayekaa Old Korogwe, alisema, hana pa kwenda pa kumaliza kilomita mia na arobaini kwa siku moja.

Alisema kweli. Mwezi wa kwanza niliandika safari zangu zote kwenye daftari, kama nilivyokuwa nikiandika mahudhurio ya darasa. Sokoni na kurudi, kilomita saba. Hospitali kupima presha, tisa. Msibani ng'ambo ya mto, kumi na mbili. Shambani ishirini na moja, na hiyo ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote. Siku nyingine gari halikutoka kabisa, kuku wakashinda chini yake. Mtu mwenye akili zake angechaji Jumamosi akasahau hadi Jumamosi nyingine.

Mimi nilichaji kila siku. Nikirudi sokoni, kabla sijashusha mchicha, nilikuwa nimeshachomeka waya. Namba ikishuka chini ya mia, viganja vyangu vililowa jasho kwenye usukani. Umeme ukikatika nilitoka barazani nikakaa kulitazama gari, kama mtu anayemuuguza mgonjwa, mpaka urudi.

Kulikuwa na jambo lingine, na hilo sikumwambia mtu. Gari la umeme likisimama halingurumi. Unasimama kupisha ng'ombe na mara kunakuwa kimya kabisa, unasikia upepo kwenye majani. Watu niliowapakia waliusifia ukimya huo. Mimi, kila gari liliponyamaza, nilisikia mtu akipumua nyuma yangu. Pumzi fupi fupi, halafu moja ndefu. Sikugeuka hata mara moja, kwa sababu nilijua pumzi hizo ni za nani.

Mwaka jana nilikwenda Mazinde kumwona dada yangu, ambaye nyumba yake imezungukwa na mashamba ya mkonge pande zote. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliendesha gari lile mbali kiasi hicho. Nilipofika kioo kiliandika themanini na tano, na nyumbani ni kama hamsini. Mtoto wa darasa la tatu angetoa jibu. Lakini niliposhika usukani kutaka kurudi, mguu wangu ulikataa kukanyaga. Nikashuka, nikamwomba dada anipe soketi. Umeme haukuwepo tangu asubuhi. Nikakaa kitandani kwake, kiatu mguuni, mkoba mapajani, nikisubiri. Dada yangu alinipikia, sikula. Mwishowe akampigia simu binti yangu.

Binti yangu ni mtu wa hesabu, hana papara. Aliniuliza kioo kinasema ngapi, na nyumbani ni kilomita ngapi. Nikamjibu. Akauliza, "Mama, kilomita ngapi zitakutosha? Mia mbili? Mia tatu? Niambie, nitafute gari lingine."

Nilifikiri juu ya mia tatu, nikaona hata mia tatu hazitanitosha. Nilifikiri juu ya elfu. Ndipo nilipoelewa kwamba ninayempigia hesabu si mimi.

Nilipokuwa mwalimu kijana nilifundisha shule ya msingi katika kijiji kimoja kilicho mbele ya Kang'ata. Mume wangu alikuwa na pikapu aliyoinunua kuukuu, akisombea mahindi ya watu kwenda Handeni mjini. Geji ya mafuta ilikuwa imekufa zamani. Alipima kwa fimbo: anaichovya kwenye tangi, anaitoa, anatazama imelowa hadi wapi. Alinifundisha kuendesha kwenye uwanja wa shule, jioni baada ya masomo, na nilijifunza upesi.

Msimu mmoja alikwenda shambani kwa siku nne akaniachia pikapu nyumbani. Siku ya tatu nilimwacha mtoto kwa jirani, nikawasha gari, nikaenda Handeni peke yangu. Nilikuwa na gauni kwa fundi cherehani, gauni la kuvaa kwenye harusi ya wifi yangu, na sikuweza kusubiri. Niendeshe mwenyewe njia yote ile, madirisha wazi, hakuna wa kuniambia punguza mwendo! Sijawahi kufurahia safari kama ile, kabla wala baada. Nilirudi mchana, nikafuta vumbi kwenye gari, nikaegesha palepale lilipokuwa. Nilikusudia kumwambia atakaporudi. Siyo kwamba angenigombeza. Hakuwa mtu wa hivyo. Ila aliporudi kesho yake alikuwa amechoka, nikasema nitamwambia akishakula.

Hakuwahi kumaliza kula. Walikuja wafugaji wanne wakiwa wamembeba mwanamke ndani ya blanketi. Alikuwa na uchungu wa kuzaa na mtoto alikataa kutoka. Mumewe, kijana wa rika letu, alisimama nyuma ya mama yake. Mama huyo ndiye aliyeomba tuwapeleke hospitali Handeni. Mume wangu alinawa mikono, akachukua funguo ukutani. Mlangoni akageuka akaniuliza, "Mafuta yapo?"

Nikasema, "Yapo."

Nilisema kama ninavyosema chumvi ipo. Sikutaka kusema uongo. Nadhani niliamini yapo. Lakini pia nilijua kwamba nikisema sijui, atachukua fimbo apime, ataona, ataniuliza, na pale palikuwa na watu. Yote hayo yalipita kichwani mwangu kwa muda wa kufumba na kufumbua, nami nikasema yapo.

Nilipanda nyuma nikampakata mgonjwa kichwa mapajani. Mama mkwe wake alimshika miguu. Tulishaipita Kang'ata, tukaenda tena mwendo mzuri, ndipo gari likakohoa mara mbili na kuzimika. Palikuwa na mti wa mgunga kando ya njia. Mume wangu alivuta dumu tupu chini ya kiti, wakakimbia kwa miguu, yeye na yule kijana, kurudi Kang'ata kutafuta mafuta. Nilibaki na wale wanawake wawili chini ya jua. Nilimpepea kwa khanga yangu. Hakulia. Alipumua pumzi fupi fupi, mara akanitazama usoni kana kwamba anataka kuniuliza kitu, akatoa pumzi moja ndefu, na baada ya hapo kukawa kimya.

Walirudi jua limeshainama. Mume wangu alimimina mafuta, akageuza funguo, na gari likawaka mara ya kwanza. Mlio ule wa kuwaka sitausahau. Tuligeuza, tukamrudisha kwao.

Siku iliyofuata nilimkuta ameshika fimbo yake, anaitazama. Akasema, "Nilikosea kupima." Hakuniuliza kitu. Nami sikumwambia. Mwaka ule ule aliuza pikapu, nikaomba uhamisho, tukahamia Korogwe. Tuliishi pamoja miaka karibu thelathini baada ya hapo, tukalala kitanda kimoja, na jambo lile halikutajwa kati yetu hata siku moja. Gauni sikulivaa harusini. Nilisema limenibana.

Basi baada ya safari ya Mazinde niliona siwezi kuendelea hivi. Nilimwambia binti yangu asitafute gari lingine, ila nataka kwenda Kang'ata na gari hilo hilo la betri iliyozeeka. Hakuniuliza kwa nini. Alinipigia hesabu kwa simu, akaniambia nisiwashe kiyoyozi na nisikimbie.

Kutoka Korogwe kwenda Handeni njia inapanda, na kilomita za kioo zinaisha upesi kuliko za barabarani. Niliondoka na mia na arobaini, nikapita Sindeni nikiwa nimeshapoteza nyingi kuliko nilivyotegemea, nikaingia mjini na hamsini na mbili. Mtu mwingine angesema zimebaki za kutosha. Mimi nilifika kwa wifi yangu, yule yule wa harusi, blauzi imenigandama mgongoni. Alipitisha waya wangu kwenye dirisha la jiko, na gari likachaji hadi asubuhi.

Kesho yake niliondoka baada ya chai. Barabara ya kwenda Kang'ata sasa inajengwa. Kulikuwa na magreda, marundo ya kifusi, na miti iliyong'olewa imelazwa pembeni, mizizi juu. Niliendesha polepole nikitazama kushoto na kulia, nautafuta ule mgunga. Sikuuona. Au niliona migunga mingi na hakuna hata mmoja ulioniambia kitu.

Kang'ata niliulizia familia ya yule marehemu, nikaelekezwa kwenye boma lililo mbele kidogo, njia ya ng'ombe. Nilitarajia kumkuta yule mume amekuwa mzee. Nilisahau kwamba alikuwa kijana pamoja nasi. Nilimkuta mtu wa umri wangu, mrefu, ameanza kuinama, anatibu mguu wa ndama. Alinyanyuka akanitazama muda. Akanisalimu kwa Kimaasai, "Takwenya," nikajibu, "Iko," kama tulivyokuwa tukijibu zamani pale shuleni.

Kisha akasema, "Wewe ni mwalimu. Mwenzako hajafika miaka mitatu sasa."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwuliza hajafika wapi. Akasema hapa. Alinipa kigoda nikae, akaeleza bila haraka, huku akiifuta dawa ya ndama mikononi. Mume wangu alikuja kwake kila mwaka baada ya mavuno. Alileta gunia la mahindi na sukari, akanywa maziwa, akakaa kidogo, akaondoka. Mimi nilijua anakwenda Handeni kutazama kipande chetu cha shamba. Alirudi na vumbi kwenye viatu na nilimfulia soksi.

Nilimwambia mwenzangu amefariki. Akainamisha kichwa. Hakusema pole upesi kama watu wa mjini. Ng'ombe walilia kule nyuma ya ua wa miiba. Mwishowe akasema mume wangu alikuwa mtu wa kweli. Nikamwuliza kwa nini anasema hivyo.

Akasema, "Mwaka wa kwanza alikuja akaniambia mwenyewe, bila kuulizwa. Alisema mafuta ya siku ile aliyamaliza yeye. Alikwenda Handeni siku moja kabla, kuchukua nguo kwa fundi cherehani."

Sijui nilikaa muda gani. Nakumbuka nzi kwenye ukingo wa kikombe changu. Nakumbuka nilijaribu kufikiri ni nani aliyemwambia: fundi, jirani, vumbi lililobaki mahali nisipofuta. Lakini haikuwa na maana tena. Alijua. Alijua hata habari ya gauni. Aliposimama pale na fimbo yake akasema nilikosea kupima, alikuwa anajua, na tangu siku ile alikuwa ananingoja niseme. Au hakuwa ananingoja, alikuwa amelifunga jambo lile kwake ili mimi nisilibebe. Yote mawili yanawezekana, na aliyekuwa na jibu tulimzika Korogwe.

Nikasema, "Mzee, hakuwa yeye. Ni mimi niliyekwenda Handeni. Gauni lilikuwa langu. Na aliponiuliza mafuta yapo, nilisema yapo."

Nilimtazama usoni, maana niliona nina wajibu wa kutazama chochote kitakachotokea pale. Hakukasirika. Alichukua fimbo yake akachora mstari kwenye vumbi, akaufuta kwa kiatu.

"Mke wangu alikuwa na uchungu siku mbili," akasema. "Kabla hatujaja kwenu. Mama yangu alisema tungoje, wanawake wa boma watamzalisha. Ningeweza kukataa. Nilikuwa mume. Nilingoja." Akaongeza kwamba jambo hilo hakumwambia mume wangu. Mwaka hadi mwaka alipokea mahindi yake, akamwacha aondoke na mzigo, na kila mara alisema moyoni kwamba mwakani atamwambia.

Hatukufarijiana. Sioni kama tungeweza. Watu wawili hawawezi kugawana kosa kama ng'ombe, huyu achukue paja na yule mbavu. Kila mmoja alibaki na lote. Lakini nilikunywa maziwa yale, na tulizungumza kuhusu mvua, na kuhusu barabara itakayokata malisho yao.

Nilipotaka kuaga, alimwita binti yake. Mke wake wa kwanza, yule tuliyempakia, alikuwa ameacha huyo mmoja tu, mdogo sana siku ile, wa umri wa binti yangu. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye watoto watatu, na mimba ya mtoto wa nne imeshakuwa kubwa. Alinisalimia shikamoo kwa kunyenyekea. Baba yake akasema ana kliniki Handeni kesho, na alikuwa aende kwa pikipiki, lakini yeye hakupenda apande pikipiki katika hali ile. Akaniuliza, "Gari lako litafika?"

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nililimeza. Nilimwomba angoje, nikatembea hadi kwenye gari, nikaliwasha, nikatazama kioo. Tisini na moja. Handeni ni arobaini na mbili kwa njia niliyokuja. Nilitoa moja kwa nyingine, nikarudia tena. Nikaongeza njia mbaya, nikaongeza mzigo. Kisha nikazima, nikarudi hadi pale alipokuwa amesimama, nikamwambia litafika.

Binti alikaa kiti cha nyuma kwa sababu ya tumbo. Mimi niliendesha kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai. Kila tulipopishana na lori la kifusi ilibidi nisimame, na gari liliponyamaza nilisikia mtu anapumua nyuma yangu. Mara ya kwanza nilifumba macho. Mara ya pili niligeuka. Alikuwa yeye, anajipepea na kadi ya kliniki. Akaniuliza kama nimechoka.

Tulipokuwa tumeipita Kang'ata aliuliza kwa sauti ya chini, kama anayeomba maji, "Mwalimu, ni wapi? Baba hajawahi kunionyesha. Hapiti njia hii na mimi."

Nilipunguza mwendo. Kushoto walikuwa wamechimba mtaro mrefu, kulia ardhi ilikuwa nyekundu, imeshindiliwa, haina hata kichaka. Nilijaribu kukumbuka mlima ulikuwa upande gani, kivuli kiliangukia wapi. Kwa miaka thelathini sehemu ile nimeiona kila siku, naijua jiwe kwa jiwe, na sasa nilikuwa juu yake, au nimeshaipita, au sijaifikia. Mbele yetu kulikuwa na kisiki kilichokatwa kwa msumeno, bado kinatoa utomvu. Nilishindwa kujua hata kama ulikuwa mgunga.

Nilisimamisha gari. Nikamwambia, "Ni hapa."

Alishuka taratibu akishikilia mlango. Alitafuta majani mabichi, kama wanavyofanya kwao kumheshimu marehemu, na hayakuwa rahisi kupatikana katika kifusi kile, lakini alipata kidogo ukingoni mwa mtaro. Akayang'oa, akayaweka chini kando ya kisiki, akaweka jiwe juu yake upepo usiyachukue. Midomo yake ilikuwa inatembea. Mimi nilibaki ndani, mikono kwenye usukani. Kioo kiliandika sitini na tatu, na niliitazama namba hiyo kwa sababu sikuweza kumtazama yeye.

Aliporudi alifuta mikono kwenye shuka lake, akanishukuru. Akasema amekuwa akitamani kupajua tangu akiwa mtoto.